KUCHAGUA NAMNA YA KUUNGA CHUMA
Maneno yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema juu ya jambo linalogusa mfuko wa Chama na afya ya watu wetu. Sisi tuandikao daftari la fedha twaona ya kuwa kifaa kimoja hupelekwa kwa fundi mara mbili, hata tatu, na kila mara fedha hutoka. Si daima kwamba fundi hajui kazi. Mara nyingi sisi wenye kifaa twamwambia, "Kichomelee tu, kiwe imara," wala hatuulizi kama kuchomelea kwafaa.

Namna za kuunga ni tatu. Ya kwanza ni kulehemu. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi, nayo huyeyuka kwa joto la digrii 190 za Sentigredi hivi. Yafaa taa, faneli na nyaya za umeme. Lakini haibebi mzigo, wala haistahimili moto: birika lililolehemiwa hudumu maadamu lina maji, na likikauka jikoni mshono huachia.

Ya pili ni kuunga kwa shaba ya manjano. Fundi hutia boraksi, hupasha chuma kwa moto wa gesi mpaka kiwe chekundu, ndipo shaba huyeyuka, kwa digrii 900 hivi, na kupenya katika kiungo. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Yafaa fremu ya baiskeli, ambayo bomba lake ni jembamba, na vyuma vya kusubu, kama mguu wa cherehani. Chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto chote kwanza, hupasuka tena kando ya kiungo kinapopoa.

Ya tatu ni kuchomelea, ambapo kingo za chuma chenyewe huyeyuka, kwa digrii 1,500 hivi, zikawa kitu kimoja. Hii ndiyo yenye nguvu kwa chuma kinene: lango, plau, fremu ya mkokoteni. Lakini bati jembamba hutobolewa nayo. Basi iliyo imara kupita zote si lazima iwe iliyo bora kwa kila kitu.

Wazee wetu, yapo mambo matatu yapitayo fedha. Kwanza, chombo cha chakula au cha maji ya kunywa kisiungwe kwa lehemu yenye risasi. Risasi huingia katika chakula, hasa kilicho kichachu, nayo hudhuru akili za watoto, hata ikiwa kidogo. Iko lehemu isiyo na risasi. Hiyo ndiyo iagizwe. Pili, pipa la petroli lisisogezwe karibu na moto wa fundi, hata likionekana tupu. Mvuke hubaki ndani, nao hulipuka na kuua. Kazi hiyo apewe tu fundi ajuaye kulisafisha ipasavyo. Tatu, mabati yamepakwa zinki, na moshi wake huleta homa. Yaungwe mahali pa wazi penye upepo.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali kwamba, kabla ya Chama kulipia matengenezo yoyote, maswali haya yaulizwe: Je, kifaa kitawekwa motoni? Kitabeba mzigo au kutikiswa? Kitashika chakula au maji? Chuma chake ni kinene, chembamba, au cha kusubu? Majibu yaandikwe nyuma ya hati ya malipo, ili atakayeshika daftari baada yetu ajue sababu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza ya kuwa ufa huzibwa kwa kitu kiufaacho. Mshono uliochaguliwa vema huacha fedha mfukoni, nao hulinda mtoto alaye katika sufuria ile.