Kenya na Tanzania katika mizani ya ufisadi

Katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 1998, Kenya ilipata alama 2.5 kati ya 10 na Tanzania 1.9. Mwaka 2024, kwa kipimo cha alama 100, Tanzania ilikuwa na 41 na Kenya 32. Anayesoma harakaharaka atasema jirani mmoja amempita mwenzake. Hata hivyo, namna ya kukokotoa ilibadilishwa mwaka 2012, na alama za kabla ya hapo hazilinganishwi na za baadaye. Isitoshe, kinachopimwa ni maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, wala si fedha zilizoibwa. Kipimo kizuri zaidi ni yale yanayofuata wizi unapogunduliwa: nani anaruhusiwa kuuliza, nani anawajibishwa, na fedha zinarudi au hazirudi.

Kwa Kenya, mfano wa kuanzia ni kampuni ya Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyo ililipwa fidia na serikali kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, madini ambayo Kenya haikuwa nayo kwa kiasi cha kufikia madai hayo. Sheria iliruhusu fidia ya asilimia 20. Goldenberg ilipewa 35. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alizishuku nyaraka zilizopita mezani kwake, na habari zikawafikia wabunge. Malipo yake yalikuwa kukamatwa mwaka 1993 na kufutwa kazi. Kesi dhidi yake ilitupwa, lakini hakurudishwa kazini hadi alipofariki mwaka 2006.

Taasisi nazo zilijengwa na kubomolewa. Mamlaka ya kupambana na ufisadi iliyoundwa mwaka 1997 ilivunjwa na Mahakama Kuu Desemba 2000, kwa hoja kwamba kushtaki ni kazi ya Mwanasheria Mkuu. Serikali ya Rais Kibaki ilipitisha sheria mpya mwaka 2003 na kumteua John Githongo kuwa katibu wa maadili na utawala bora. Alipoanza kuifuatilia kandarasi tata ya serikali na kampuni ya Anglo Leasing kwa karibu mno, aliishia uhamishoni Uingereza mwaka 2005. Katiba ya 2010 iliweka sura nzima ya maadili ya uongozi, na mwaka uliofuata ikazaliwa tume ya sasa ya kupambana na ufisadi, EACC.

Tanzania ilipita njia iliyonyooka zaidi. Kikosi cha Kuzuia Rushwa cha mwaka 1975 kiligeuka TAKURU mwaka 1991, kisha TAKUKURU kwa sheria ya 2007. Sheria hiyo ina kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili: kesi za hongo ya kawaida zinaweza kwenda mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, ila nyingine zote zinakihitaji. Kwa maneno mengine, dagaa hawahitaji ruhusa; papa wanahitaji.

Nguvu ya Tanzania imekuwa kuwajibishana kisiasa. Mwaka 2008 ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, ulionyesha kwamba kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 isivyo halali. Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, aliondolewa Januari. Mwezi uliofuata kamati ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hadi wakati huo Kenya haikuwa imeona kiongozi wa ngazi hiyo akiondoka hivyo. Lakini Lowassa hakushtakiwa, na katika sakata la EPA waliorudisha fedha kabla ya tarehe iliyowekwa walisamehewa mashtaka. Katika kesi nyingine, mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walifungwa mwaka 2015 kwa kutumia madaraka vibaya kuhusu msamaha wa kodi; miezi michache baadaye kifungo chao kilibadilishwa kuwa kazi za kijamii, wakawa wakifanya usafi katika hospitali ya Sinza.

Wakati wa Rais Magufuli alama za Tanzania katika orodha ya Transparency International zilipanda: 36 mwaka 2018, 37 mwaka 2019, 38 mwaka 2020. Mahakama maalumu ya rushwa na uhujumu uchumi ilikuwa imeanza kazi. Katikati ya kipindi hicho, Aprili 2019, Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Mussa Assad, aliyekuwa ameliita dhaifu. Novemba nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Mkaguzi ndiye anayeionyesha nchi wizi ulipo, na orodha haikuonyesha dalili ya kuuona mkasa huo.

Mwaka huohuo, Julai, Kenya ilimkamata Waziri wa Fedha aliyekuwa madarakani, Henry Rotich, kwa sakata la mabwawa ya Arror na Kimwarer. Huo ulikuwa ujasiri ambao Tanzania haikuwa imeuonyesha kwa waziri aliye kazini. Desemba 2023 hakimu alimwachia huru baada ya waendesha mashtaka kuacha kuwahoji mashahidi wao wenyewe, na mabwawa hayakuwa yamejengwa.