Kurudia Kosa Ndilo Kosa
(Hotuba fupi kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi huandika programu za kompyuta za kutatua maswali mengi ya ndiyo au hapana yanayofungana. Maswali 20 huzaa njia 1,048,576, na kila swali likiongezwa, njia huwa maradufu. Kwa hiyo ufundi wote umo katika kujua njia zipi zisipitiwe.

Miaka kadhaa iliyopita shule moja ilinipa kazi ya kupanga ratiba ya vipindi. Programu yangu ilifuata mtindo wa Davis, Logemann na Loveland wa mwaka 1962: chagua, fuata yanayolazimika, ukikwama rudi hatua moja ujaribu upande wa pili. Ilihangaika siku tatu bila jibu. Nami nilikuwa nimeshamwambia mkuu wa shule hiyo kwamba mwalimu wake wa taaluma, aliyeshikilia kuwa ratiba haipangiki, ni mvivu.

Kijana mmoja wa ofisini akaniuliza, "Mzee, mbona inarudia kosa lile lile?" Alisema kweli. Mgongano wa Ijumaa ulitokana na machaguo mawili ya Jumatatu, lakini programu ilikuwa ikibadilisha ya Alhamisi, tena na tena. Dawa ilikwisha kuonyeshwa mwaka 1996 na Marques-Silva na Sakallah katika programu yao iitwayo GRASP: ukigongana, tafuta chanzo, andika kanuni mpya kwamba mambo hayo yasikutane tena, kisha ruka moja kwa moja hadi yalipoanzia. Kanuni moja fupi hufyeka maelfu ya njia. Ila zikirundikana mno mwendo hupungua, hivyo zisizofaa hufutwa.

Tukabadilisha. Kabla ya chai ya saa nne jibu lilitoka: ratiba haipo. Masharti ya shule yenyewe yalipingana. Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu yule mbele ya mkuu wake. Shule ikalegeza sharti moja, na ratiba ikapatikana.

Vijana, wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mkirudishiwa mtihani, msitazame alama pekee. Tafuteni kosa lilianzia mstari gani, mliandike, msilipitie tena. Na kabla ya kumwita mtu mvivu, pimeni kwanza kama mlichomwagiza kinawezekana.