Filimbi ya Dola 150

Leo nina habari ya filimbi, tena si ya refa wala ya askari wa barabarani. Ni filimbi ya kuitia bata mwitu.

Mpwa wangu anaishi Arkansas, Marekani, jimbo la mashamba ya mpunga. Majira ya baridi bata mwitu hushuka kutoka kaskazini, wakatua katika mashamba yaliyojaa maji, na wenyeji huwawinda. Kijana naye kaingia katika mkumbo huo. Juzi alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Nimenunua filimbi ya dola 150. Wenzangu wanazo za dola 20, na bata wanawashukia wao. Je, nimepunjwa?"

Nikamwuliza kwanza habari ya ada ya mdogo wake, aliyoahidi kuituma mwezi ule. Akakohoa.

Haki lakini isemwe. Kwa ndani filimbi hizo ni kitu kimoja: bomba, kibao chenye mfereji, na kijiulimi chembamba cha plastiki kinachotetema ukipuliza. Ya rahisi humiminwa katika kalibu kiwandani. Ya ghali hukerezwa kutoka kipande cha plastiki ngumu, kisha fundi huijaribu kwa mdomo wake na kuirekebisha mpaka sauti imridhishe. Husikika mbali. (Za mbao ndizo zenye deko, zikilowa huvimba.) Mtu anayekwenda kushindana Stuttgart, mji wa huko huko Arkansas wenye mashindano ya kuita bata tangu 1936, simlaumu akitoa dola 150. Majaji wa pale ni binadamu, nao husikiliza kila kituo. Ila hata huko, mshindi wa kwanza kabisa alizawadiwa koti la kuwindia la dola 6 na senti 60!

Bata yeye anataka kuitwa kwa wakati wake, na kunyamaziwa kwa wakati wake. Mgeni hupuliza asubuhi kutwa kama anayenadi samaki, bata wakajipitia.

Hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe humwita mlembe, yule ndege aongozaye watu kwenye asali, kwa mluzi wa mdomo, bila kulipa senti. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao, mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza kwamba mlembe wa Wahadzabe huelekea kuitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Kule Niassa ni kinyume chake, karibu mara mbili. Najua, mlembe huitwa apate nta, bata huitwa auawe. Lakini wote wawili husikiliza sauti, risiti hawaioni.

Nikamwambia: "Airudishe dukani mwenye akili, kisha akakae kimya bwawani awasikilize bata wenyewe."

"Mjomba, hawapokei kitu kilichokwisha tiwa mdomoni."

Ada ilifika Alhamisi, imepungua. Mama yake hakujua sababu mpaka leo, kama redio yake iko wazi.