Ari ya Mwanafunzi Darasani

Saikolojia ya kiutu ilishika kasi Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, ikipinga mikondo miwili: wa Freud, uliotafuta chanzo cha tabia katika misukumo iliyofichika, na wa wanatabia, walioeleza mafunzo kwa tuzo na adhabu.

Mwaka 1943 Abraham Maslow, mmoja wa waasisi wa saikolojia hiyo, alipanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi: ya mwili, usalama, upendo, heshima, na mwisho kutimiza kipawa cha mtu. Mtoto aliyeshinda na njaa, au anayeogopa kiboko, akili yake haiko kwenye hesabu, ndiyo maana uji wa saa nne nao ni suala la ufundishaji. Maslow, hata hivyo, hakuchora ile piramidi maarufu ya vitabuni, na alisema wazi kuwa mpangilio huo si mgumu kama unavyoonekana.

Mwasisi mwingine, Carl Rogers, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu uhuru wa kujifunza, alimgeukia mwalimu. Alimtaka awe mkweli bila kujifanya, amthamini mwanafunzi hata anapokosea, na ayaone mambo kwa macho ya mwanafunzi huyo. Anayechekwa kwa jibu lake huacha kunyoosha mkono; anayeulizwa amelipataje huendelea kufikiri.

Wakosoaji husema dhana ya kutimiza kipawa ni ngumu kupima. Tena, anayeanza somo jipya huhitaji kuelekezwa hatua kwa hatua. Uhuru mtupu humpoteza.