Ukiulizwa Udhaifu Wako Kwenye Usaili

Msikilizaji, umepita usaili wa mchujo. Sasa umeitwa kwenye mahojiano. Umekaa mbele ya jopo, na mmoja wao anakuuliza: "Udhaifu wako ni upi?"

Usiseme huna. Hakuna atakayekuamini. Wala usiseme, "Mimi nafanya kazi kupita kiasi." Wasaili wamelisikia jibu hilo hadi wamelichoka.

Jopo linataka kujua kama unajifahamu, na kama unajirekebisha. Kwa hiyo taja udhaifu wa kweli, kisha eleza unachofanya kuurekebisha.

Tuseme unaomba kazi ya mtunza kumbukumbu. Unaweza kujibu: "Nilikuwa naogopa kuzungumza mbele ya watu. Tangu mwaka jana najitolea kusoma taarifa kwenye vikao vya kikundi chetu cha vikoba. Bado natetemeka kidogo, lakini namaliza." Jibu hilo lina ukweli, na lina hatua. Ila ukisema hujui kupanga vitu, umejiharibia, maana kupanga majalada ndiyo kazi yenyewe unayoiomba.

Leo jioni, chukua karatasi. Andika udhaifu mmoja. Chini yake, andika unachofanya kuurekebisha. Kisha msomee ndugu au rafiki kwa sauti, mara mbili, mara tatu, mpaka maneno yatoke bila kukariri. Udhaifu wa kweli, na unachofanya kuurekebisha. Na kama bado hujaanza kufanya lolote, ndugu msikilizaji, anza wiki hii, kabla ya siku ya mahojiano.