Baba Mtarajiwa na Siku ya Uchungu

(Mazungumzo ya mkunga mbele ya mkutano wa wananchi wa kata)



Nimeombwa nieleze namna mwanamume anavyoweza kujiandaa kumsaidia mkewe wakati wa kujifungua. Pengine mnatazamia nianze na yanayotendeka katika chumba cha kujifungulia. Nitaanza na ufunguo wa sanduku.

Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu mahali pengine, tuliletewa mama saa 11 alfajiri. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu magharibi. Mumewe alikuwa amekwenda mnadani, simu yake haipatikani, na ufunguo wa sanduku la akiba alikuwa nao yeye. Mama mkwe, mtu mwenye huruma kabisa, akasubiri neno la mwanawe. Damu ilipoanza kutoka usiku wa manane ndipo majirani wakatafuta bodaboda. Mama tulimwokoa. Mtoto alizaliwa amekwisha kufariki. Mume alifika saa 4 asubuhi na fedha zote mkononi. Hakuwa bahili wala mkatili. Alichosahau ni kuacha ruhusa.

Kwa hiyo, baba, acha ruhusa mapema. Mwambie mkeo, na mama yako akiwa anasikia, kwamba uchungu ukianza asimngoje mtu. Nauli iwe mahali anapopajua yeye. Zungumza na mwenye bodaboda au bajaji aliye tayari kuamshwa usiku, kisha umpate na wa pili, maana wa kwanza naye huugua. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, iandikeni ukutani. Watafuteni pia ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Haya yote ndiyo mpango binafsi wa kujifungua tunaowauliza wake zenu kliniki, nao hutujibu, “Mpaka nimuulize baba.”

Zipo dalili zisizongoja uchungu: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona mojawapo, ni safari ya saa ile ile, hata kama kliniki ilikuwa jana.

Sasa uchungu wenyewe. Kwa mzazi wa mara ya kwanza unaweza kuchukua usiku mzima na sehemu ya mchana, basi usishike saa mkononi ukiuliza mbona anachelewa. Tembea naye taratibu. Uchungu unapopanda, msugue kiuno kwa kiganja, kwa nguvu anayoitaka yeye. Unapotulia, mpe maji au uji mwepesi endapo mkunga hajakataza, na umkumbushe kwenda haja ndogo. Asisukume mpaka aambiwe. Maneno ya “jikaze, wenzako wanazaa kila siku” yaacheni. Nimewaona akina mama wakiyakumbuka miaka mingi baada ya maumivu kusahaulika.

Neno moja zito: dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, hata zikitoka kwa bibi tunayemheshimu, zinaweza kuubana mji wa mimba kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, na mji wenyewe ukapasuka. Kama amekwisha kunywa, tuambieni. Hatutamgombeza mtu, tunahitaji kujua.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji amtakaye mwenyewe wakati wa uchungu. Nakiri kwamba katika vituo vingi chumba ni kimoja, vitanda viko karibu, na kuingia kwa mwanamume humvunjia stara mama wa kitanda cha pili. Ulizeni mapema kituoni mnapokusudia kwenda. Na mkeo akimtaka dada yake badala yako, usinune: kaa nje, simu yako iwe na chaji, uitwe ukihitajika.

Mtoto akishalia, wanaume wengi hutoka mbio kutangaza habari. Furaha hiyo naielewa. Lakini kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi, na hutokea zaidi katika saa zile za kwanza. Kaa karibu. Mama akilalamika kizunguzungu, au kanga ikilowa upesi, mwite mkunga hata kama ametoka hapo sasa hivi. Wala usimharakishe kurudi nyumbani kabla ya saa 24, hata kama wageni wamekwisha kujaa uani.

Siku ya kliniki njooni pamoja na wake zenu. Benchi la nje lina nafasi, na mpango tutaujaza nanyi mkiwepo. Sasa nipo tayari kwa maswali.