Kiwanda Kilichomo Mizizini

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na ninyi wenzangu mlioshika jembe katika shamba lile lile la shule:

Nimepewa dakika kumi kabla ya chakula, nami nitazitumia kwa jambo moja lililomo katika ajenda: mchango wa mbolea ya shamba. Sipingi mchango. Naomba tu kwamba kabla ya kupiga kura tuitazame kwanza mizizi ya maharagwe.

Hewa tunayovuta humu ukumbini, asilimia 78 yake ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Kiwandani hulazimishwa kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, na kwa mgandamizo mkubwa, ndipo tupate yurea. Bakteria waitwao rizobia huifanya kazi hiyo katika udongo wa kawaida. Huingia katika mizizi ya mimea ya jamii ya mikunde. Mmea huwajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao hulipa kwa naitrojeni. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilieleza jambo hili mwaka 1886, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe. Hayo tuliyakariri sote kwa ajili ya mtihani, hata wale wa madawati ya nyuma.

Lakini kuwapo kwa vinundu hakutoshi. Kipasue kinundu kwa kisu. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo hutokana na kitu cha ukoo mmoja na kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe au cha kijani, usikitegemee.

Soya asili yake ni China, na sehemu nyingi za Afrika udongo hauna bakteria wake wa kutosha. Mbegu hupakwa unga mweusi wenye bakteria hao, kivulini, ikapandwa siku hiyo hiyo, maana jua huwaua. Tena ukiimwagia mikunde yurea kwa wingi, mmea hupunguza kujenga vinundu: nani atapika ikiwa sahani imekwisha kuletwa? Inachohitaji zaidi ni fosfeti. Nasi tukiing'oa na mizizi yake, tukapura, kisha tukachoma makapi, naitrojeni nyingi imekwenda na gunia na moshi.

Pendekezo langu ni kwamba nusu ya fedha inunue yurea ya mahindi, na nusu nyingine mbegu za soya, unga wake na fosfeti kwa ekari mbili. Makapi yarudishwe shambani, na msimu unaofuata mahindi yapandwe hapo hapo. Kidato cha Tatu wayapime mavuno ya pande zote mbili kwa mizani, tusomewe hesabu mkutanoni.

Mezani, karibu na mlango, kuna maharagwe yaliyong'olewa shambani asubuhi hii, na visu viwili. Mkipita kwenda kula, pasueni vinundu vichache.